Mashini Kivuli za Kampi ya Reli

Mimi nina hasira za karibu. Nalisema mwenyewe kabla wengine hawajalisema. Mama yangu alizoea kuwaambia majirani wa kampi ya reli: "Huyu mutoto wangu, mukimusalimia vibaya asubuhi, mboga yake ya sombe jioni itazidi chumvi." Walicheka, nami nikakasirika, basi wakazidi kucheka.

Baba alikuwa mtu wa telegrafu pale stesheni ya Kindu. Alitoka Kasai akiwa kijana, kama kina baba wengi wa kampi yetu, na Kindu ndiko alikozikwa. Kampi ilikuwa na sheria moja iliyojulikana hata na watoto: nyumba hufuata kazi. Ukiajiriwa na reli unapewa nyumba. Ukihamishwa Kibombo au Kongolo unaiacha. Ukifa, mjane wako anaachiwa muda wa kulia, kisha anatoka, nyumba inapewa mwingine. Mimi nilikuwa daktilo ofisini, napiga mashini ya kuandika kwa vidole vyote kumi bila kuvitazama, lakini nilikuwa wa muda tu, na mtu wa muda hana nyumba. Shefu wa huduma, mtu mpole aliyevaa abacost, ile suti isiyo na tai, hata siku za joto kali, alikuja mwenyewe kumwambia Mama: "Mama, tutangoja kidogo. Mutoto wako akipata kazi ya kudumu, mutabakia hapa hapa." Mama alimshukuru. Alipokwisha kwenda, akaanza kufagia ua aliokuwa ameshaufagia.

Kazi ya kudumu ilikuja kwa treni, ndani ya sanduku la mbao. Ilikuwa kompyuta, ya kwanza kuonwa na macho yetu. Sisi tuliiita ordinatere, wazee wakaiita televizio ya hesabu. Iliwekwa mezani chini ya picha ya Rais na kuunganishwa na gurupu la umeme la karakana, yaani jenereta, maana umeme wa mji haukuwa wa kuaminika. Gurupu lilikunywa mafuta ya mazutu, na mazutu yalikuwa ya shida, kwa hiyo liliwashwa asubuhi na kuzimwa saa sita ya mchana, hata kama umebakiza herufi moja. Pamoja na sanduku alikuja fundi kutoka Lubumbashi, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyekula wali wa Kibombo mpaka tukamwonea huruma mwenye kumpikia. Shefu akatangaza: fundi atafundisha watu wawili, kisha atarudi kwao, na kati ya wale wawili mmoja ataachwa awe mlinzi wa mashini, kwa kudumu.

Wawili hao walikuwa mimi na kijana mmoja wa magazini, yaani bohari ya reli. Kwao walikuwa wafanyabiashara kutoka Butembo, lakini yeye alikataa duka, akataka kazi ya ofisi. Alilala nyuma ya duka la mjomba wake, juu ya magunia ya chumvi, na alikuwa na mchumba aliyekwisha kuchoka kungoja. Alikuwa mcheshi. Hilo nalo lilinikera, maana nilitaka kumchukia na sikuweza vizuri.

Siku ya kwanza fundi alitukalisha pamoja na makarani wote. "Mashini ya chuma iko moja," akasema. "Lakini huduma ziko tatu: wagoni, magazini, dispensari. Kila moja iko na programu yake ya zamani, na kila programu inajiona mufalme, inataka mashini nzima peke yake. Sasa tutaidanganya. Ndani ya hii mashini tutafanya mashini zingine, za kufikiri tu, hazina chuma. Kila programu tutaipa yake. Itajiona iko peke yake, itatulia."

Karani mkubwa wa magazini, mzee mwenye kofia, akauliza: "Sasa hii njo uongo?"

"Njo uongo, baba. Lakini uongo wa amani. Kama mwanaume wa wake watatu. Kila bibi anaambiwa: mama, katika roho yangu uko peke yako."

Ofisi nzima ilicheka, na yule mzee, aliyekuwa na wake watatu, akacheka kuliko wote. Tangu siku hiyo tukaziita mashini kivuli.

Ziliongozwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya picha. Kila mashini kivuli ilikaa ndani ya fremu yake kwenye kioo, na mezani kulikuwa na kidude cha kusukuma, souris, yaani panya. Ukimsukuma panya, mshale unatembea kwenye kioo. Ukibonyeza, fremu inafunguka, au inanywea na kuwa alama ndogo chini kabisa. Njia ya pili ilikuwa ya amri. Hapo hakuna picha: kioo cheusi, kimstari kinachopepesa, unaandika neno lako, na mashini inakujibu au inakukatalia. Mimi nilishika njia ya pili mara moja. Baba alinifundisha tangu utoto kwamba neno la waya ni fupi, halina salamu, na ukishalituma unakaa kimya kungoja jibu. Nilipoona kile kimstari kinapepesa, nilimkumbuka hadi nikasahau kuandika.

Mwenzangu alimpenda panya. Mimi nikamwita Bwana Panya, yeye akaniita Mama Amri.

"Bwana Panya," nilimwambia, "unachapa na vidole viwili kama kuku anadonoa muchele. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Niko navyo viwili, Mama Amri. Na chawa yangu iko moja tu, njo wewe."

Tulifanya kazi hivyo, kwa mashindano na matani. Mimi niliandika maagizo ya kila mashini kivuli: ipewe kumbukumbu kiasi gani, iruhusiwe kuendelea na kazi hata kama haitazamwi au ilale. Nikapanga neno moja ambalo, ukiliandika asubuhi, zote tatu zinaamka. Yeye alipanga fremu zake vizuri, kila moja na alama yake, hata muuguzi wa dispensari akawa anaingia kwenye hesabu ya dawa bila kumuuliza mtu. Ukweli usemwe, muuguzi alimpenda yeye kuliko mimi. Picha hazimkaripii mtu.

Lakini mashini ilianza kuzeeka ndani ya wiki chache. Asubuhi ilikuwa na mbio, ikifika saa nne inakokota, unapiga herufi na kumeza mate mara mbili ndipo inatokea. Siku moja ikaganda kabisa, hata mshale ukakataa kutembea. Fundi alikuja, akaizima, akaiwasha tena, kisha akakaa pembeni kututazama tunavyofanya kazi. Hapo akaona.

Lazima nieleze jambo la kampi yetu. Viberiti vilikuwa adimu, na moto ulitembea kutoka jiko hadi jiko. Mwanamke alikwenda kwa jirani na kigae, akapewa makaa mawili matatu, akarudi kupika. Ukitumia jiko la mwenzako, ukimaliza huzimi. Unakusanya makaa, unayafunika kwa majivu, mwenyewe akirudi akute uhai chini. Na ukikuta chungu cha mtu kwenye mafiga, hukigusi, unatafuta mafiga mengine. Kumzimia mtu moto lilikuwa tusi kubwa, watu waliweza kunyimana salamu mwaka mzima kwa sababu hiyo. Makarani wetu wote walikulia katika majiko hayo, na mimi pia.

Basi kumbe kila mtu aliyemaliza zamu yake kwenye kompyuta alikuwa anaikunja fremu yake chini ya kioo na kuondoka, bila kuifunga. Aliyemfuata aliikuta alama pale chini, akaiheshimu, akafungua mashini kivuli nyingine mpya. Kufika saa nne kioo kilikuwa na mstari mzima wa mashini zilizolala, kila moja imekumbatia sehemu yake ya kumbukumbu.

Fundi aliuliza: "Nani aliwaambia kuziacha hivi?"

Mzee wa magazini alivua kofia. "Sitwayen fundi," akamjibu kwa heshima zote, akimwita raia kama ilivyoamriwa siku zile, "sisi hatuzimi moto ya muntu."

Fundi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaeleza taratibu, wala hakumfanya mtu mjinga. Chuma ni kimoja, akasema, na kumbukumbu ya chuma ni moja. Mashini kivuli hata ikilala inakula. "Hii moto yenu inamaliza kuni hata chini ya majivu." Akaweka sheria: maliza, hifadhi, funga. Tuliitika wote. Tuliifuata pia, isipokuwa pale tuliposahau, maana mazoea yana taabu.

Ikafika siku ya mwisho ya fundi, siku ya kuchagua. Shefu alitupa kazi moja sisi wawili: kupanga wagoni za treni ya Kibombo, namba ya kila wagoni, mzigo wake na nafasi yake, kila mtu katika mashini kivuli yake. Kabla gurupu halijazimwa, kila mmoja awe ametoa karatasi kwenye printa. Kama karatasi zote mbili zimetimia, fundi atachagua. Kama imetimia moja, basi mwenye karatasi hiyo ndiye. Kinanda cha kuchapia kilikuwa kimoja, kwa hiyo tulipokezana, yeye kidogo na mimi kidogo. Ili asiwepo wa kulalamika, fundi alikuwa ametupa sote wawili sehemu kubwa ya kumbukumbu, sawa kwa sawa. Na ile programu ya wagoni ilikuwa na roho mbaya: haikuhifadhi kitu chochote mpaka treni nzima iishe. Ukiifunga katikati, umepoteza yote.

Asubuhi hiyo Mama hakunitakia heri. Alinipa chai, akanifunga kitambaa vizuri zaidi kuliko siku zote, akasema tu: "Kula kwanza."

Tulikuwa karibu kumaliza sote wawili. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Fundi alikuwa karakana anabembeleza gurupu, shefu alikuwa mkutanoni upande wa pili wa stesheni. Bwana Panya akaona namba za wagoni zake mbili zimefutika kwenye karatasi ya stesheni, akasema atakwenda kuzisoma kwenye wagoni zenyewe. Akaikunja fremu yake, akavuta mfuko wa plastiki kichwani. Mlangoni akageuka.

"Mama Amri, niangalizie moto."

"Nenda," nikamwambia. "Naangalia."

Ikawa zamu yangu. Nilichapa, nikabakiza wagoni chache sana, na hapo mashini ikaanza kukokota. Nikapiga tena. Kioo kikaleta neno: kumbukumbu haitoshi, funga mashini moja. Nikaingia njia ya amri kuuliza kumbukumbu imebaki kiasi gani. Imekwisha. Nikajaribu kuipunguzia mashini yangu sehemu yake. Haikubali ikiwa imefunguliwa. Kila jibu lilichelewa kuliko la kwanza, na nilijua kinachofuata: hata nikiacha kuchapa itaganda, tutaizima, na tutakosa wote wawili.

Nilitoka barazani nikamwita kwa sauti yote. Mvua ilikula sauti yangu. Nikarudi, nikamtukana panya, nikamtukana fundi na sehemu zake za sawa kwa sawa, nikamtukana yule kijana na ukoo wake mpaka Butembo. Kisha nikakaa.

Ilikuwa amri moja tu. Funga, jina la mashini yake, bonyeza. Mashini yangu ingepata pumzi, ningemaliza, ningetoa karatasi yangu, na angerudi akute mashini imemchezea, kama inavyowachezea wote. Nilitaka kuifunga. Sitaki kudanganya hapa, niliitaka kwa moyo wangu wote. Nilimwona Mama na ufagio wake. Nilimwona na godoro kichwani, njiani, hajui anakokwenda. Vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya kinanda.

Lakini nilikuwa nimeitika. Angeondoka bila kusema neno, nadhani ningeifunga. Alisema, nami nikaitika, na kwetu ukishaitikia moto wa mtu, moto huo ni wako mpaka arudi. Na kulikuwa na kiburi pia, hilo lazima liingie. Nilijiambia: yeye ana vidole viwili, akipoteza treni hii hataipata tena kabla ya saa sita. Mimi nina kumi. Mimi naweza kurudia.

Nikaandika jina la mashini yangu, nikaifunga. Asubuhi yangu yote ikaenda. Ile yake ikaendelea kulala chini ya kioo, salama.

Alirudi ameloa mwili mzima, anacheka, namba zake ameziandika kwenye kiganja. Aliponiona uso, akaacha kucheka. Nikamweleza kwa maneno mafupi ya telegrafu. Akabaki amesimama, maji yanamtiririka.

"Lakini Mama Amri, sasa wewe..."

"Kaa! Chapa! Unangoja nini, bwana, unangoja tukupigie ngoma?"

Alichapa. Eh, Mungu wangu, vidole vile viwili! Alikuwa anakosea, anafuta. Nilimsomea namba kwenye kiganja chake mwenyewe. Treni yake ikatimia, printa ikaanza kusaga karatasi mstari kwa mstari, na mimi nimesimama nyuma yake naisukuma kwa macho. Ilipotema karatasi nilimwondoa kitini kwa bega. Nikaamsha mashini yangu, nikaanza treni upya. Nilichapa siku hiyo kuliko siku zote za maisha yangu. Yeye alinisomea, mimi sikutazama kitu ila kioo, na nilikuwa nauona mwisho wa treni, wagoni ya breki, ndiyo iliyobaki peke yake, gurupu lilipozimwa kule karakana. Kioo kikajikusanya kikawa nukta nyeupe, na nukta ikafifia.

Shefu alipokuja, Bwana Panya alimweleza yote, waziwazi, hakujipunguzia wala hakujiongezea. "Nimesikia," akasema shefu, "na ni vizuri sana. Lakini treni ya Kibombo haiongozwi na kusikia. Karatasi iko moja." Hakufurahi kulisema. Fundi aliniaga kwa mikono miwili, akasema kwa ile sauti yake ya chini: "Mimi ningefunga yake." Sikujua kama ni sifa au ni lawama, na mpaka leo sijui.

Nyumbani nilimwambia Mama huku nalia, na kilio changu kilikuwa cha hasira. Alikuwa anachagua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuambia umuangalizie?"

"Aliniambia."

"Ukaitika?"

"Niliitika."

"Basi," akasema Mama, akarudi kwenye mchele wake. Ile basi iliniuma kuliko saa sita na kuliko karatasi ya shefu. Nilitaka anigombeze, au alie na mimi. Nililala bila kula.

Nyumba hufuata kazi, na katika kampi nzima nyumba pekee iliyokuwa ya kutoka watu ilikuwa yetu. Hivyo aliyepewa alikuwa Bwana Panya. Rafiki wa Mama wa kanisani alitupatia chumba ng'ambo ya mto. Asubuhi ya kuhama Mama aliamka mapema, akapika chai, akafagia vyumba, akafagia ua, akapangusa hata kizingiti. Bwana Panya alifika na sanduku moja na magunia yake mawili ya kulalia. Alisimama nje hapo mlangoni, hathubutu kuingia, na mkononi ameshika kiberiti kipya. Nafikiri alikuwa amekitafuta mji mzima.

"Weka kiberiti yako," Mama akamwambia. "Moto iko."

Nikaenda jikoni kutazama. Makaa yalikuwa yamekusanywa katikati ya mafiga na kufunikwa kwa majivu, kwa uangalifu, kama alivyoyafunika maisha yake yote. Hapo hasira zangu zote za wiki zile zikapanda kwa mara moja.

"Mama! Nyumba anaichukua, na moto pia unamwachia?"

Mama alikuwa anafunga sufuria kwenye kitambaa. Hakuinua kichwa.

"Siku niliingia hapa na baba yako," akasema, "nilikuta moto ku jiko. Mwenye kuniachia alikuwa mujane."

Bwana Panya alirudisha kiberiti mfukoni. Akashika kitanda upande wa miguu, mimi nikashika upande wa kichwa, tukakibeba mpaka mtoni kwenye mtumbwi. Njia nzima sikusema neno, na mimi si mtu wa kunyamaza.